Mwanga wa Ubavuni

Ukiibandika flashi juu ya kamera, ukasogea mpaka lenzi inakaribia kugusa kitu kidogo, halafu ukafyatua, hujapiga picha. Umepiga kofi. Mwanga unapita juu ya kichwa cha kile kitu, au unazuiwa na pua ya lenzi, na ukifika unafika usoni moja kwa moja na kufuta kila tundu na kila mkunjo. Nimewaambia vijana wenye studio hapa mjini mara ngapi? Wanacheka, wananiita muzee wa mambo ya kale. Basi wacheke. Mimi jambo hili nililitumia vibaya, na aliyeumia si mimi, ndiyo maana likitajwa damu inanipanda.

Flashi lazima ishuke kwenye kamera. Uiunge kwa kamba yake, uishike kwa mkono wa kushoto, uilaze ubavuni mwa kitu unachokipiga, chini, karibu kugusa meza. Uifunike leso iliyokunjwa mara mbili ili mwanga usiwe mkali mno. Upande wa pili usimamishe ile karatasi ya kung'aa ya ndani ya paketi ya sigara, irudishe mwanga kidogo, kivuli kisiwe cheusi tupu. Ubane tundu la lenzi mpaka namba ishirini na mbili, maana ukiwa karibu hivyo kinachoonekana sawasawa hakizidi unene wa ukucha. Halafu ubane na pumzi. Hapo mwanga unatambaa juu ya kitu, na kila kibonde kinatoa kivuli chake. Kwa Kifaransa mwanga huo tuliuita “rasante”, wenye kutambaa.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, hapa hapa Likasi, miaka ile ya kuitana “citoyen”, mwananchi, na kuvaa abakosi, ile suti isiyo na tai, wakati Kampuni ya migodi ilikuwa baba na mama wa kila mtu. Nyumba yake, shule yake, hospitali yake, unga wake, hata jeneza lake. Mimi nilikuwa mpiga picha wa maabara, na kazi yangu ilikuwa mawe. Nilipiga mawe ya kijani kutoka Kakanda, ambayo ukiyaona kwa karibu yana manyoya laini ya kutaka kuyapapasa. Nilipiga mawe ya manjano ya Shinkolobwe, yaliyowekwa ndani ya sanduku la madini ya risasi. Nilipewa dakika chache kuyapiga na kuyarudisha, na hakuna aliyejisumbua kunieleza kwa nini. Niliyapenda mawe. Hayapepesi macho, hayaombi maji, hayana shangazi wa kukufuata nyumbani kulalamika.

Aliyenifundisha alikuwa Mbelgiji mmoja mzee, mtaalamu wa mawe, mwenye mdomo mchafu. Kila nilipoinua flashi juu mno alinichapa rula vidoleni, mimi mtu mzima mwenye ndevu. Nilimchukia, na yote aliyonifundisha ni kweli. Alinizoeza pia kuandika nyuma ya kila picha, kwa kalamu nyembamba, namba ya jiwe, namba ya tundu la lenzi, na mwanga ulikotoka. Mwanga wa ubavuni tuliandika kwa kifupi: “ras.” Alipopanda treni kurudi kwao aliniachia kamera yenye kiriba cha ngozi kati ya mwili na lenzi, flashi na kamba yake, na hiyo desturi ya kuandika.

Siku moja shefu wa maabara akaniita. Huyu alikuwa mtu wa kwetu, aliyekalishwa kwenye kiti cha Mzungu, na alikiogopa kile kiti kuliko moto. Akaniambia kwamba kuanzia mwezi huo nitapiga mikono. Katika kiwanda kimoja cha shaba kulikuwa na ukumbi wa asidi, na wanaume waliofanya kazi humo walilalamika kuliwa ngozi. Madaktari watatu walikaa komisyo kila mwisho wa mwezi kuamua. Huyu ni “apte”, anafaa, arudi ukumbini. Huyu ni “inapte”, hafai, apewe kazi nyepesi. Sasa madaktari walikuwa wamechoka kuwaona wale watu wenyewe. Walinuka asidi, walilia, wengine walipiga magoti na kushika suruali ya daktari. Picha hainuki na haipigi magoti, kwa hiyo waletewe picha.

Nilifanya jaribio. Nilimwita mfagiaji wa maabara, mwenye mikono mizima kabisa, nikampiga kwa flashi ya ubavuni, nikampelekea shefu. Akaitazama, akaitupa mezani.

“Hii njo mukono ao njo njia ya Kakanda, mashimo tupu?” akasema. “Na hii flashi yako, hata mukono ya bibi yangu itaonekana iko na ukoma. Mukono si jiwe. Weka flashi juu ya kamera, piga, ingiza mwengine.”

“Lakini shefu, vidonda havitaonekana.”

Alinitazama kidogo. “Njo vile,” akasema, na akaendelea kusoma karatasi zake.

Nilielewa. Sitajifanya hapa kwamba sikuelewa. Nilipandisha flashi juu ya kamera na kwa miaka miwili nikawapiga watu wale makofi ya mwanga, mkono baada ya mkono, na mikono yote ikatoka myeupe, safi, laini kama ya maharusi. Madaktari wakafurahi. Wengi wakawa “apte”.

Na nilikuwa mbaya, mama yangu wee, nilikuwa mbaya. Walikuja wakati wa kutoka kazini, foleni mlangoni, kila mmoja na namba yake niliyoiandika kwa chaki kwenye kibao. Mkono ukitetemeka niliufunga kwenye ubao kwa mpira wa tairi ya baiskeli. “Weye, tulia!” niliwaambia. “Jiwe iko na akili kukupita!” Foleni ilicheka, maana nani angethubutu kutocheka? Mmoja aliniomba nipige upande wa kiganja, ndiko kulikokuwa kumeoza. Nikamwambia fomu inasema mgongo wa mkono, na kama anataka picha ya kiganja avae suti aende studio na mke wake. Wakacheka tena. Yule mtu hakucheka. Aliufungua mpira kwa meno, akatoka, na mimi nikaita namba inayofuata.

Picha nilizisafisha mwenyewe, nikazipeleka kwa muuguzi wa komisyo, na pale ambapo muuguzi hakuona kitu aliandika nyuma ya picha herufi tatu: R.A.S., “rien à signaler”, yaani hakuna la kusema. Herufi hizo kila mtu Likasi alizijua. Zilikuwa kwenye daftari la walinzi wa usiku kila asubuhi, kwenye kadi za hospitali, kwenye ripoti za mashefu. Hata walevi wa cité, mtaa wa wafanyakazi, ukiwauliza habari za nyumbani walijibu “R.A.S.” Picha yenye herufi hizo haikufika mbele ya madaktari. Karani wa komisyo aliiweka pembeni bila kuigeuza, akapiga mashine “apte” kwenye orodha, na madaktari wakatia sahihi kabla ya chakula cha mchana. Hayo nilikuwa nayajua kama ninavyolijua jina langu.

Sasa nifike kwa baba mkwe, kwa sababu ndiye ninayemzungumzia tangu mwanzo.

Baba mzazi wa mke wangu alitoka kando ya mto Lufira, karibu na Mwadingusha, kwenye ukoo wa wavuvi. Mkono wake ulikuwa umefuma nyavu kabla haujajua kuandika. Aliingia kazi ya Kampuni kijana, wakamtia ukumbi wa asidi, na humo akabaki. Kazi yake ilikuwa kuyatoa mabamba ya shaba kwenye mabeseni. Bamba linatoka limelowa asidi, zito, kingo zake zinakata, na unalikamata kwa ncha za vidole. Mtu asiye na hisia vidoleni hajui bamba linapoanza kuteleza. Wawili walikuwa wamekwisha kupoteza vidole mbele ya macho yake, na alitusimulia hayo kwa sauti ya chini, kama mtu anayesimulia habari za jirani.

Jumapili moja alikuja kwetu baada ya misa. Mke wangu alikuwa anasonga bukari, ugali wetu, nje, kwenye mbabula, lile jiko letu la makaa, na mtoto wetu wa kwanza mgongoni. Baba mkwe alikuwa anasimulia namna padri alivyosahau maneno katikati ya mahubiri. Akanyoosha mkono wa kuume, akaikamata sufuria ya mboga ukingoni, akaisogeza isiungue, akaendelea kusimulia padri. Tukasikia harufu. Kwanza nilidhani ni mboga.

“Baba! Mukono!” mke wangu akapiga yowe.

Baba mkwe akaachia sufuria, akautazama mkono wake. “Ah,” akasema. “Haisikiaka tena. Tangu mwaka ilipita.” Halafu akacheka ili sisi tusione vibaya, na mke wangu akaanza kulia huku anamsukuma mtoto mgongoni akae vizuri.

Hapo ndipo alipotuambia kwamba ameitwa komisyo mwezi huo. Akionekana hafai, angekaa kwenye lango la ghala la mbao, na daftari, akiandika magari yanayoingia, mpaka siku ya kustaafu. Akionekana anafaa, angerudi kwenye mabamba na mkono ule. Basi. Hakukuwa na njia ya tatu, na yeye hakuomba chochote. Alikula kwa mkono wa kushoto, akaaga, akaenda zake.

Mke wangu hakungoja hata afike barabarani.

“Weye kila siku unanielezea flashi yako,” akasema. “Mawe unapigaka muzuri, mpaka banaweka mu kitabu. Na baba yangu? Naye utamupiga kofi?”

“Shefu alikataza.”

“Shefu njo alikupatia muke?”

Mnaona mdomo ule? Nilikasirika, nikatoka, nikazunguka mtaa mzima nikimtukana kimoyomoyo yeye na baba yake na nyavu zao. Niliporudi nilikuwa nimekwisha kukata shauri.

Nilimpiga picha saa ya mapumziko ya mchana, mlango nimeufunga kwa funguo. Na hapo pakazuka jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Kwa watu wa upande wa mke wangu, mkwe hamgusi baba wa mke wake. Hampi mkono, hakai naye mkeka mmoja, hamtazami machoni. Tangu harusi sikuwahi kumgusa hata kwa bahati mbaya. Wale wengine niliwafunga kwa mpira wa baiskeli. Huyu ningemfunga vipi? Na mkono wake haukutulia. Aliuweka mezani, akautuliza kadiri alivyoweza, lakini mkono usiosikia haumwambii mwenyewe kwamba unasogea. Ukisogea kidogo tu, kwa umbali ule, picha imeharibika.

“Baba, tafazali, kushoto kidogo,” nilisema, nikitazama meza. “Hapana, baba, umerudisha. Tena kidogo.”

“Hivi?”

“Hivi. Usipumue.”

Betri za flashi zilikuwa zimechoka. Kila baada ya mfyatuo ilibidi tungoje flashi ilie kama mbu mpaka ijae tena. Baba mkwe alingoja ameinamisha kichwa. Mwishowe alipata akili yeye mwenyewe: akaushika mkono wa kuume kwa mkono wa kushoto, akaukandamiza mezani kwa uzito wa mwili wote, kama anavyokandamizwa samaki mkubwa akiwa bado hai. Nikaishusha flashi mpaka ikagusa ubao. Nikasimamisha karatasi ya sigara. Nikafyatua.

Nilizisafisha jioni ileile. Nawaambieni kweli, sijapiga picha bora kuliko zile, si kabla si baadaye. Ncha za vidole zilikuwa na matundu ya mviringo, yenye kingo zilizoinuka, na kila tundu lina kivuli chake, ungeweza kuyahesabu. Ukucha wa kidole cha shahada ulikuwa umenyanyuka, na chini yake palionekana kina. Alama ya sufuria ilipita juu ya vidole vitatu, nyeusi, imenyooka. Picha ile hata kipofu angeona kwa kuipapasa. Nilijisikia fundi. Nilijisikia Mungu mdogo, kusema kweli, na wala sikumkumbuka yule mtu wa kiganja. Nilizikausha, nikazikata kingo vizuri, nikachukua kalamu nyembamba ya Mbelgiji, nikazigeuza. Nikaandika kama nilivyokuwa nikiandika nyuma ya mawe yangu yote mazuri, yale ya kuwekwa kitabuni: namba yake ya kazi, namba ya tundu la lenzi, na “ras.”

Kwa miaka miwili nilikuwa sijaandika neno hilo nyuma ya mkono. Mwanga wa mbele hauna haja ya kuandikwa. Mkono wangu uliandika wenyewe, kwa kiburi.

Siku ya majibu walisoma uani, kwenye jua, karani amesimama juu ya kreti. Nilijisogeza hadi pale, nikijidai napita tu. Alisoma namba, akasema neno, akasoma namba. Ilipofika namba ya baba mkwe akasema “apte”. Nikadhani nimesikia vibaya. Baba mkwe alikuwa amesimama mstari wa pili na kofia mkononi. Aliivaa kofia yake taratibu, akaitikisia kichwa ile kreti, na akatoka pamoja na wenzake.

Nilimfuata karani ofisini kwake, nimechemka. Alikuwa mtu mpole, wa sauti nyembamba, asiyependa ugomvi.

“Bale madaktari beko na macho?” nikamwambia. “Beliona ile picha, ao belilala?”

“Picha gani?”

Nikamtajia namba. Akafungua sanduku la pembeni, lile la picha zisizofika mezani, akaitoa, akaiweka mbele yangu kifudifudi.

“Hii haikuingia,” akasema. “Inaandikwa R.A.S.”

“Nani aliandika?”

Akainama, akaiangalia vizuri. “Muuguzi sikuye. Muuguzi anaandikaka kubwa kubwa.” Akanitazama, na nikaona anaanza kuelewa, na kwamba anatamani asielewe. “Hii ni mwandiko yako, citoyen.”

Herufi zilikuwa nzuri, ndogo, zimelala sawasawa. Muuguzi alikuwa ameiona picha na hakuandika kitu, maana alikuwa ameona matundu. Mimi ndiye niliyeandika. Maskini karani hakukosa lolote. Aliona herufi tatu anazoziona kila siku, akafanya anachofanya kila siku.

Njia ya kutengeneza ilikuwepo, tena fupi. Kwenda kwa madaktari siku hiyohiyo, kuigeuza ile picha, kusema: hili si lile neno, hili ni jina la mwanga, kosa ni langu. Lakini kusema jina la mwanga ni kusema kwamba nilishusha flashi chini, na shefu alikuwa amekataza. Ningepoteza kazi, na kazi ndiyo nyumba. Nilimwambia karani ainyamazie. Nilimwambia mwezi ujao nitaipeleka upya, bila kuandika kitu nyuma, na jina litarudi mezani kimyakimya. Akakubali haraka, kwa sababu hata yeye alikuwa anaogopa. Mwezi mmoja ni nini? Ndivyo nilivyojiambia. Na kwa mke wangu nikasema, “Madaktari bana roho mubaya. Tungojee kidogo.”

Alinipa maji ya kunawa, akanipikia sombe, majani ya muhogo ninayoyapenda. Alidhani nimepigania baba yake.

Wiki ya tatu, mchana, bamba likamteleza. Hakusikia. Mwenzake wa beseni la pili ndiye aliyemwambia, “Muzee, vidole.” Akatazama. Vilikuwa vinne, na vilikwisha kuzama kwenye beseni, ikabidi wavitoe kwa koleo. Wenzake walisimulia kwamba aliuliza kama bamba limeharibika.

Shefu alinituma hospitali kumpiga picha, kwa ajili ya faili. Niliingia na flashi juu ya kamera. Kwa kilichobaki pale hakukuwa na haja ya ufundi. Baba mkwe alikuwa amekaa kitandani, ameegemea ukuta, mkono umefunguliwa bandeji juu ya taulo. Niliangalia taulo.

“Mukwe,” akaniambia, “usijisumbue roho. Ile siku ulifanya muzuri sana. Minye nilikuona. Njo bale bakubwa banakatala kuona.”

“Ndiyo, baba,” nikasema. Nikapiga, nikatoka.

Barua ilikuja baada ya hapo. Ilikuwa ya Kifaransa, imepigwa mashine, na baba mkwe alingoja Jumapili ili niisome mimi, mkwe mwenye kazi ya ofisi. Walikusanyika nyumbani kwake mchana: mama mkwe nyuma ya mlango, kwa ajili ya heshima, shangazi wawili, mke wangu na mtoto mgongoni. Nilipewa kiti peke yangu. Nikafungua.

Nilisoma kwa Kifaransa kwanza, polepole, nikitafuta njia ya kuikimbia. Hakukuwa na njia.

“Banasema nini?” baba mkwe akauliza.

“Banasema kosa ni yako, baba. Uzembe. Banasema unaachishwa kazi, na nyumba itarudishwa mwisho ya mwezi.”

Shangazi mmoja akaanza kuomboleza. Baba mkwe akamnyamazisha kwa ishara ya ule mkono, na kitambaa kikalegea.

“Uzembe namna gani? Minye nilibaambia haisikiaka.”

“Banasema wakati ya komisyo mukono ilikuwa mzima. Iko mu faili.” Nikasoma mstari wa mwisho. “Banaandika R.A.S.”

“Hakuna la kusema,” mke wangu akasema polepole. Yeye alisoma kwa masista, hakuhitaji kutafsiriwa. “Nani aliandika vile? Mukono ya baba, na matundu yote ile, muntu aliiangalia akaandika hakuna la kusema?”

Wote wakanitazama. Nikaikunja barua, nikaiweka kwenye goti.

“Daktari,” nikasema.

Baba mkwe akainuka. Sikuwahi kumwona akiinua sauti, na hata siku ile hakuiinua. Akamwomba mke wangu amletee maji kwenye kikombe, akayamimina mlangoni, kidogokidogo, kwa mkono wa kushoto. Akawaita wazee wake waliolala Lufira, mmoja mmoja, halafu akamwita Mungu wa padri, asimwache nje. Akasema mtu aliyeandika maneno yale mikono yake ife angali anaitazama. Akasema akizaa, watoto wake wasikue. Na kama amekwisha kuzaa, Mungu aanze na wa kwanza.

“Amina,” wakaitikia shangazi.

“Amina,” akasema mke wangu, na akampiga mtoto mgongoni taratibu, maana alikuwa ameamka kwa yale maneno.

Walikuwa wananingoja mimi. Nikasema amina.